Albamu nne za filamu moja: ununue ipi?

Kijana mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Napenda muziki wa filamu, si nyimbo, bali ule wa okestra unaopita chini ya picha. Mpaka sasa nimekuwa nikiusikiliza kwa simu tu. Sasa nataka kuanza kununua na kuweka, lakini nikitafuta filamu moja nakuta albamu tatu au nne zenye jina lilelile na bei zinazopishana mno. Waliobobea huchaguaje? Na je, ile ndefu kuliko zote ndiyo bora?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokausha mifuko ya watu. Ndefu si lazima iwe bora, na mara nyingine hata si muziki uleule uliousikia kwenye filamu. Anayeanza hujiuliza anunue filamu ipi. Waliokaa na mambo haya miaka mingi huuliza kwanza rekodi ipi: ilipigwa wapi, na okestra gani, nani aliongoza, na ilipigwa kwa ajili ya filamu au kwa ajili ya santuri. Ukishayajua hayo, nusu ya albamu zinazokuchanganya zitajiondoa zenyewe.

Chukua filamu iliyopigwa picha kwetu. Hatari! ya Howard Hawks, ya mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, John Wayne na wenzake wakifukuza vifaru na twiga kwa magari. Muziki ni wa Henry Mancini, na ule wimbo wa mtoto wa tembo unajulikana hata na watu wasiojua kwamba una filamu yake. Hawks alirudi Marekani na ala za huku, na Mancini akazitumia. Lakini santuri iliyouzwa na RCA Victor haikuwa sauti iliyosikika sinema. Mancini alikuwa na desturi hiyo: kazi ya filamu ikiisha, anarudi studio na kuyapiga mahadhi yake upya, safari hii kila kipande kikiwa na mwanzo na mwisho wake, cha kusikilizwa sebuleni. Rekodi za filamu yenyewe zilikaa ghalani miongo mingi mpaka kampuni ya Intrada ilipozitoa kwenye CD. Jina moja, mtunzi mmoja, rekodi mbili tofauti kabisa. Mimi ningelazimika kuchagua moja, ningechukua ile ya santuri. Kipande chake kiitwacho "The Sounds of Hatari" kinakupa msako mzima, ngoma na tarumbeta zikipandana, bila kukatwa kila mara mtu wa kwenye picha anapofungua mdomo.

John Williams naye alifanya hivyohivyo. Albamu ya Jaws, ile filamu ya papa, iliyotoka mwaka 1975 ilipigwa upya kwa ajili ya wasikilizaji, na rekodi ya filamu yenyewe haikuuzwa mpaka mwaka 2000. E.T. ya 1982 ni hadithi ileile. Wapo wanaoona kwamba walidanganywa miaka yote hiyo. Sikubaliani nao. Williams ni mpangaji wa albamu hodari: huhamisha vipande, huunganisha viwili kuwa kimoja, na huandika mwisho mpya pale ambapo filamu ilikata ghafla. Albamu ya namna hiyo ni kazi ya mtunzi yenye hadhi yake. Ile ya filamu ni kumbukumbu ya jinsi muziki ulivyofungwa kwenye picha. Anayetaka kusikia papa akikaribia kwa hatua zilezile za kwenye filamu atataka ya pili. Anayetaka kuketi dakika 35 na kusikiliza, ya kwanza inamtosha.

Umesema hutaki nyimbo, na hapo pia pana mtego. Neno saundtraki kwenye jalada halikuahidi muziki wa okestra. The Lion King ya 1994 ilimpa Hans Zimmer tuzo ya Oscar ya muziki wa filamu, lakini ukifungua CD iliyouzwa mwaka ule utakuta vipande vinne tu vya Zimmer kati ya 12. Vingine ni nyimbo za wahusika, na baadhi zimerudiwa kwa sauti ya Elton John. Mpaka mwaka 2014, Disney ilipotoa toleo la diski mbili, ndipo muziki uliopewa tuzo ulipopatikana kwa upana wake, pamoja na kwaya za Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Kwa filamu za Kihindi usitarajie hata hilo. Sisi wa pwani tumekua na nyimbo zake, na taarabu imechota mahadhi mengi huko, lakini soko lake lilikuwa la nyimbo. Sholay ya 1975 iliuziwa watu hadi santuri za mazungumzo ya filamu, na zikanunuliwa kweli. Muziki wa R. D. Burman unaopita chini ya picha ulibaki kwenye picha.

Sasa urefu. Ukitazama CD za miaka ya 1980 na 1990 utashangaa nyingi ni za dakika 30 tu, wakati diski inabeba zaidi ya 70. Wengi hudhani mtunzi alichagua vilivyo bora. Mara nyingi aliyechagua alikuwa mhasibu. Chini ya mikataba ya AFM, chama cha wanamuziki cha Marekani, rekodi ya filamu iliyopigwa Los Angeles ikihamishiwa kwenye albamu, wanamuziki walilipwa tena, na malipo yaliongezeka kadiri dakika zilivyoongezeka. Kwa okestra ya watu 90, kampuni ndogo haikuweza kwenda mbali. London mambo yalikuwa tofauti, na ndiyo sababu utakuta tofauti za ajabu ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1995 Jerry Goldsmith alitunga muziki wa Congo, na albamu yake ikawa kama nusu saa. Mwaka huohuo James Horner alirekodi Braveheart na London Symphony Orchestra, albamu ikafika dakika 77. Hakuna anayeweza kusema ya pili ilistahili mara mbili ya ya kwanza. Ni mikataba tu.

Baadaye palipatikana nafuu ya malipo hayo kwa matoleo ya kumbukumbu yenye nakala chache, na nakala 3,000 ikawa idadi unayoikuta sana. Ndipo zikashamiri kampuni ambazo majina yake utayaona kila unapotafuta: Varèse Sarabande na klabu yake ya CD, Intrada, Film Score Monthly iliyoanza kama jarida, La-La Land, na Quartet ya Hispania. Kazi yao ni kuingia kwenye maghala ya studio, kutafuta kanda za awali, kuzisafisha na kutoa vilivyoachwa. Wamefanya mambo makubwa. Film Score Monthly, ilipokaribia kufunga kazi yake ya CD, ilitoa mwaka 2012 Ben-Hur ya Miklós Rózsa kwenye CD tano. Howard Shore naye, kati ya 2005 na 2007, alitoa muziki kamili wa The Lord of the Rings, filamu ya kwanza peke yake ikichukua saa tatu.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wakusanyaji wamejijengea imani kwamba kamili ndiyo halali, na chochote pungufu ni aibu. Muziki wa filamu umejaa vipande vya sekunde 12 vya mlango kufunguliwa, na kipande kilekile cha wasiwasi kikirudi mara tano kwa sababu shujaa anatembea kwenye korido tano. Kuvipata vyote kwa mpangilio wa filamu ni kama kupakuliwa pilau pamoja na vijiti vyote vya mdalasini: vilihitajika sufuriani. Shore anastahili saa zake tatu kwa sababu mahadhi yake yanakua na kubadilika kutoka tukio hadi tukio, na ukiruka unapoteza uzi. Rózsa anastahili nyingi, ingawa si CD tano kwa mtu anayeanza, maana humo mna matoleo mbadala ya vipande vilevile. Lakini filamu nyingi za mapigano za miaka ya 1990 zilihudumiwa vizuri na dakika 40. Goldsmith mwenyewe alikuwa akipanga albamu fupi kwa makusudi, na nyingi zinasikika kama kazi iliyokamilika.

Kipimo changu ni hiki. Sikiliza albamu mbali na filamu, simu ikiwa imefunikwa, mara mbili kwa siku tofauti. Kama baada ya hapo kuna mahadhi yanayokufuata ukiwa njiani bila kuleta picha ya mwigizaji, hiyo ni yako. Kama unachokumbuka ni tukio la filamu tu, basi unaipenda filamu, nayo inauzwa kwa njia nyingine. Sisemi mapenzi ya filamu si sababu. Wakusanyaji wengi, hata wanaojifanya wataalamu, wana rafu nzima ya filamu walizoziona wakiwa na miaka 12, na hawaziuzi kwa bei yoyote. Ila usiyachanganye mambo hayo mawili wakati fedha ni kidogo.

Kuna kundi la tatu la rekodi ambalo anayeanza hulidharau bila haki: zilizopigwa upya miaka mingi baadaye na okestra nyingine. Zipo za kuepuka, nitazisema. Lakini nyingine ndizo zilizookoa muziki huu. Mwaka 1972 Charles Gerhardt alianza na RCA mfululizo wa santuri za muziki wa zamani wa Hollywood, akiwa na National Philharmonic jijini London, na mtayarishaji wake alikuwa George Korngold, mtoto wa Erich Wolfgang Korngold aliyetunga The Sea Hawk. Kabla ya hapo, muziki wa miaka ya 1930 na 1940 ulikuwa ukisikika kwa sauti ya mono iliyofifia, chini ya milio ya panga na makelele ya mabaharia. Baada yake, watu wakagundua okestra ile ilikuwa na rangi gani. Siku hizi kazi hiyo imefanywa sana Prague, ambako kampuni ya Tadlow ilirekodi Lawrence of Arabia ya Maurice Jarre yote mwaka 2010. Nyingine haziwezi kurudiwa kirahisi: studio ya MGM ilitupa maktaba yake ya noti za muziki karibu na mwaka 1970, ikaenda kufukiwa kama taka, kwa hiyo anayetaka kupiga tena muziki wa studio ile lazima kwanza mtu akae na kuandika upya anachokisikia kwenye rekodi.

Vertigo ya Bernard Herrmann ndiyo shule nzuri ya kuchagua kati ya rekodi ya awali na ya baadaye. Filamu ilitoka mwaka 1958, wakati wanamuziki wa Marekani walikuwa kwenye mgomo, hivyo Herrmann hakuongoza muziki wake mwenyewe. Kazi ilipelekwa London chini ya Muir Mathieson. Wanamuziki wa London nao wakaacha kazi kuwaunga mkono wenzao, ikabidi kumalizia Vienna. Sehemu ya London ilirekodiwa kwa stereo, ya Vienna kwa mono, na kwenye albamu masikio yako yataruka kutoka chumba hadi chumba. Katikati ya miaka ya 1990 Joel McNeely aliirekodi upya na Royal Scottish National Orchestra kwa sauti safi kabisa. Ukitaka kuusoma muziki, kila fidla mahali pake, chukua ya McNeely. Mimi ya Mathieson ndiyo ninayoirudia, kwa sababu wale watu wanapiga kama wenye haraka ya kwenda kumtafuta mtu. McNeely huyohuyo na okestra hiyohiyo walirekodi pia Out of Africa ya John Barry, ile filamu ya 1985 iliyopigwa Kenya. Huko nasema bila kusita: chukua ya Barry mwenyewe. Muziki wake ni wa mwendo wa taratibu sana, na yeye ndiye aliyejua taratibu kiasi gani.

Za kuepuka sasa. Kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kuna maelfu ya albamu zenye picha inayofanana na ya filamu, na kwa maandishi madogo utaona jina la okestra ambayo haina mji wala kiongozi. Hizo ni nakala zilizopigwa haraka, mara nyingi na kompyuta, ili zikamate anayetafuta jina la filamu. Kabla ya kulipa, tafuta vitu vitatu: jina la aliyeongoza, mahali iliporekodiwa, na urefu wa kila kipande. Muuzaji asiyekuonyesha hata kimoja, mpite. Tazama pia mwaka ulio pembeni ya herufi P ndani ya duara. Huo ni mwaka rekodi yenyewe ilipotolewa, na filamu ya 1960 yenye alama ya mwaka wa juzi inakudai maswali zaidi. Wala usione jibu limepatikana hapo, maana rekodi ya zamani iliyotoka ghalani kwa mara ya kwanza nayo hubeba mwaka mpya.

Blade Runner itakuonyesha jinsi haya yanavyoweza kuvurugika. Filamu ilitoka 1982, muziki wa Vangelis ukiwa ndani yake, na mwishoni kabisa maandishi yakaahidi albamu. Haikuja. Kilichouzwa ni santuri ya New American Orchestra, wanamuziki wengine wakiyapiga mahadhi ya Vangelis kwa namna yao. Kwa miaka 12 wapenzi wakaishi kwa kanda za magendo, na mwaka 1993 ikazuka hata CD ya wizi iliyochapwa vizuri kuliko CD halali nyingi. Vangelis alitoa albamu yake mwaka 1994, akiwa ameweka ndani maneno ya waigizaji, na mwaka 2007 ikafuata seti ya diski tatu. Mpaka leo wapo wanaobishana kuhusu dakika zilizobaki. Anayeanza achukue ya 1994. Maneno yale yamewekwa na mtunzi mwenyewe, yanakaa vizuri kwenye muziki.

Na kuna ugonjwa wa wakubwa ambao nakutajia ili usikupate mapema: muziki uliokataliwa. Alex North alitunga na kurekodi muziki wa 2001: A Space Odyssey, mwongozaji Stanley Kubrick akaamua kubaki na muziki wa Strauss na Ligeti, na North akajua hayo alipokwenda kuiona filamu. Rafiki yake Goldsmith aliuongoza muziki ule kwenye rekodi mpya mwaka 1993, na mwaka 2007 rekodi ya North mwenyewe ikatolewa na Intrada. Goldsmith naye muziki wake wa Legend ulibaki kwenye filamu iliyoonyeshwa Ulaya, Marekani wakawekewa muziki wa kundi la Tangerine Dream. Kusikiliza muziki wa filamu ambayo haipo kunaleta raha ya pekee, lakini ni raha ya aliyekwisha kujua ile iliyopo.

Unauliza waliobobea huchaguaje. Wengi wetu, tukiwa wakweli, hufuata mtunzi. Ukishika mtunzi mmoja na kumsikiliza kwa miaka, unaanza kumtambua hata jina likifichwa. Mfuate Goldsmith kutoka Planet of the Apes ya 1968, pale anapogonga mabakuli ya jikoni ndani ya okestra, hadi The Omen ya 1976 iliyompa Oscar yake pekee, hadi Star Trek ya 1979, na utakuwa umepata elimu kuliko aliyenunua filamu 30 za watu 30. Mwenye shida ni Ennio Morricone. Filamu zake zinapita 400, na mikusanyo ya nyimbo zake hurudia zilezile kumi kwa majalada tofauti. Usianze na mikusanyo. Anza na Once Upon a Time in the West, ambayo muziki wake ulitungwa kabla ya kupiga picha na kuchezwa waigizaji wakiwa kazini, ndiyo maana unasimama wenyewe bila msaada. Kisha The Mission ya 1986. Ukitoka hapo salama, ingia kwenye filamu zake za Kiitaliano ambazo hutaziona zikitajwa popote, na huko utapotea kwa furaha.

Kuhusu fedha na njia. CD ya kampuni hizi ni kama dola 20 kwa diski moja na 30 na kitu kwa mbili, na nauli ya kutoka Marekani inaweza kukaribia bei ya diski. Nunueni pamoja, watu watatu au wanne kwenye kifurushi kimoja, na muulize ushuru kabla, si mzigo ukishafika. Mara nyingi leseni za matoleo haya huruhusu diski tu, kwa hiyo usisubiri kuyaona kwenye simu. Lakini albamu za kawaida, zile za mwaka filamu ilipotoka, nyingi zinauzwa kama mafaili ya FLAC yasiyopunguzwa sauti, bila nauli wala ushuru, na kwa mtu wa Tanga huko ndiko kwa kuanzia. Usinunue kwa hofu ya "zimebaki nakala chache". Matoleo mengi yaliyoisha yamerudi baada ya miaka michache, mara nyingine yakiwa yamesafishwa vizuri zaidi, na aliyelipa mara tano kwa mlanguzi akabaki na diski ambayo hakuna anayeitaka tena. Kusafishwa nako si heri wakati wote: baadhi ya matoleo mapya yamepandishwa sauti mpaka kilio cha okestra nzima na pumzi ya filimbi moja vinalingana. Kama la zamani linakutuliza na jipya linakuchosha masikio, chukua la zamani.

Mwezi wa kwanza nunua albamu moja tu, ya mtunzi ambaye tayari unamsikiliza bila kulazimishwa. Kabla ya kulipa, niandikie jina la okestra, mwaka ulio pembeni ya ile P, na urefu wa vipande vitatu vya mwanzo, nami nitakuambia ni rekodi ipi unayotaka kununua.